KUPIGA WINDOWS UPYA: HISTORIA FUPI KWA MAMA MWENYE KOMPYUTA YA ZAMANI (SEHEMU YA 3)

Swali lililojirudia sana wiki hii ni hili: kompyuta ya nyumbani imezeeka, inachukua dakika 10 kuwaka, fundi anasema "tupige Windows upya". Ni nini hicho, na kwa nini tunaambiwa hivyo kila baada ya miaka michache? Twende taratibu.

Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuzipa programu nyingine pa kufanyia kazi. Kuuweka upya kutoka mwanzo maana yake diski inafutwa, halafu mfumo unaandikwa tena juu yake. Ni kama kupaka rangi chumba: kwanza unatoa vyombo nje. Tofauti ni kwamba hapa ambacho hukukitoa hukikuti tena.

Windows 95 ilipotoka Agosti 1995, asiye na kisomeo cha CD aliiweka kwa disketi 13, moja baada ya nyingine kwa mkono. Disketi moja ikiharibika, kazi imekwama. Oktoba 2001 ikaja Windows XP, CD moja tu. Hapo ndipo mafundi wa mitaani walipopata kazi: mashine ikijaa virusi, futa, weka CD, anza upya.

Lakini sikilizeni hili. Agosti 2003 kilisambaa kirusi kinaitwa Blaster. Hakikusubiri ubonyeze kitu. Kompyuta iliyotoka kuwekewa XP, safi kabisa, iliweza kuambukizwa kwa kuunganishwa tu na intaneti kabla ya kupata masasisho. Sisi wauguzi tunaielewa hali hiyo haraka. Mtoto mchanga ni msafi, ila hajapata chanjo. Usafi siyo kinga. Kufuta kunaondoa ugonjwa uliokuwepo, masasisho ndiyo chanjo ya ugonjwa unaokuja.

Kuna walioona gharama ya kusahau hilo, nao walikuwa wagonjwa. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja kwenye Windows. Mei 12 mwaka huohuo, kirusi cha WannaCry kikapitia tundu hilohilo, kikafunga mafaili na kudai fedha. Huko Uingereza, karibu theluthi moja ya taasisi zinazosimamia hospitali za umma ziliathirika. Maelfu ya miadi na upasuaji yakaahirishwa, na baadhi ya magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine. Kinga ilikuwepo kwa karibu miezi 2. Mashine nyingi hazikuwa zimeipata.

Sasa turudi sebuleni kwako. Windows XP iliacha kupata masasisho Aprili 8, 2014. Windows 7, Januari 14, 2020. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ikaisha Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo inataka RAM ya GB 4 kwenda juu na chipu maalumu ya usalama, kwa hiyo kompyuta nyingi za zamani haziikubali. Kwa hiyo fundi akikwambia "nakupigia Windows", usiishie kuuliza bei. Muulize: ni toleo gani, ni halali, na bado linapata masasisho?

Kama mashine haiwezi, usikimbilie kuitupa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alianzisha Linux, na watu wakaiendeleza. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaleta Ubuntu, iliyojengwa juu ya Linux. Jina hilo ni ndugu wa neno letu "utu". Ni ya bure, na ipo pia Lubuntu, dada yake mwepesi kwa mashine zilizochoka. Mtoto ataandika, atasoma na kuingia intaneti vizuri tu.

Kabla fundi hajagusa kitu, fanya haya:

1. Nakili picha za watoto, vyeti vya kuzaliwa na nyaraka zote kwenye flashi au diski ya nje. Kisha zifungue kwenye kifaa kingine uone kama kweli zinafunguka.
2. Andika nywila zako kwenye daftari, siyo kwenye kompyuta hiyohiyo.
3. Mwambie fundi achukue mfumo kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe.
4. Ukishawekwa, sasisha kwanza. Bando liende huko kabla ya katuni.

Mfumo unaweza kuwekwa tena hata mara 20. Picha ya mwanao akiwa na siku 3 ilipigwa mara moja. Anzia hapo.

Sehemu ya 4 tutaongelea kuhamisha picha kutoka kwenye simu. Swali lako liache hapa chini, nikitoka zamu nitajibu.