Chungu cha Baytul Maqdis na Wakfu wa Kuwalisha Walio Mbali

Vijana wanaojitolea misikitini wamekuwa wakituuliza: hizi jumuiya za kheri zinazowalisha wanafunzi mashuleni katika nchi za mbali, tuzichunguze vipi kabla ya kuzikusanyia fedha za Waislamu? Tumeona tuwatazame kwanza waliotutangulia, kwani kumlisha mwenye kusoma si jambo lililozuka jana. Ahlus-Suffa walikaa katika Msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina wakijifunza bila ya kipato, akiwemo Abu Hurayra (R.A.), na Maswahaba waliamrishwa wawachukue majumbani, kila mtu kwa kadiri ya chakula chake.

Lakini hao walikuwa jirani. Aliyemlisha mtu wa mbali kwa utaratibu wa kuandikwa ni Hurrem, mke wa Sultani Suleiman. Mwaka 1552, yeye akiwa Istanbul, aliweka wakfu jiko kubwa Baytul Maqdis. Hati yake ilitaja masikini 400 wa kulishwa mara mbili kwa siku, mbali na wafanyakazi na wakaazi wa vyumba 55. Ilitaja mpaka kilichomo chunguni: supu ya mchele asubuhi, supu ya ngano iliyopondwa jioni, na mkate. Usiku wa Ijumaa palipikwa wali kwa nyama, na wali mtamu wa asali na zafarani.

Huenda msomaji akashangaa, hati ya sharia inahusiana nini na mapishi? Jawabu ni kwamba mwenye wakfu yuko mbali, na tena atakufa (Hurrem alifariki mwaka 1558). Asipoandika, msimamizi ataongeza maji katika supu na hapana wa kumuuliza. Akiandika, Kadhi atakuwa na cha kumshikia. Hesabu za jiko hilo ziliandikwa pia, na wanahistoria wanazisoma hadi leo.

Wala tusimsahau mkulima wa vijiji vya upande wa Ramla. Kodi ya mavuno yake ndiyo iliyojaza chungu hicho, naye hakuulizwa.

Katika zama zetu, mwaka 2002, jumuiya ya Wakristo kutoka Scotland iitwayo Mary's Meals ilianza Malawi kwa watoto wapatao 200. Sasa inawafikia zaidi ya milioni 2 katika nchi mbalimbali. Uji wa mahindi na soya hupikwa na wazazi wa hapohapo kwa kujitolea, na huliwa shuleni, kwa hiyo mtoto anayetaka uji hana budi kuhudhuria darasa. Hatuoni aibu kujifunza utaratibu mzuri kwa asiyekuwa Muislamu.

Imebaki mas-ala ya fedha yenyewe. Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafi ni kuwa Zaka haihamishwi kutoka mji ambao wamo wanaoistahiki. Wanazuoni wa Kihanafi wanaichukia tu, na wanairuhusu penye haja kubwa zaidi au kwa jamaa. Sadaka ya kawaida haina kizuizi hicho. Basi kijana anayepitisha kapu amwambie mtoaji waziwazi ni ipi anayokusanya, kwani yeye ni wakili tu. Aliyepewa fedha za uji wa wanafunzi hawezi kununulia mazulia ya msikiti, hata kama mazulia yamechakaa, mpaka arudi kwa mwenyewe akapate idhini.