Ardhi Shukiwa: Istilahi ya Reli Inayogeuzwa Njia ya Watu

Marekani, karakana, kituo cha mafuta au reli ikiachwa, kisha akatokea mtu anayetaka kuitumia ardhi hiyo kwa kazi nyingine, ardhi hiyo huitwa "brownfield". Ukilifasiri neno hilo kisisisi utapata "uwanja wa kahawia", na msomaji atafikiria shamba lililokaushwa na kiangazi. Ukiikimbilia maana utapata "ardhi iliyochafuliwa". Fasiri hii ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu inasikika kuwa sahihi.

Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Januari 2002 inaizungumzia ardhi ambayo uendelezaji au matumizi yake mapya yanaweza kutatizwa na kuwapo kwa vitu vya hatari, au na uwezekano tu wa kuwapo kwake. Uwezekano huo ndio kiini cha istilahi. Ardhi huingia katika kundi hili kabla hata kijiko kimoja cha udongo hakijapelekwa maabara. Ukiiita "iliyochafuliwa" umekwisha kutoa hukumu, na hukumu ya namna hiyo ina gharama: halmashauri inaogopa kuinunua, benki inakataa kukopesha, wakazi wanaikimbia, na mahali ambapo pengine pangehitaji kusafishwa kidogo tu panabaki pori la taka kwa miaka mingi.

Ninapendekeza "ardhi shukiwa". Muundo wake tunao tayari katika "lugha lengwa" na "kundi lengwa", na wazo lake tunalijua kutoka mahakamani, ambako mshukiwa huhesabiwa hana hatia mpaka hatia ithibitishwe. "Ardhi iliyochafuliwa" tuiweke kwa mahali ambapo ushahidi umekwisha kupatikana. Owino Uhuru, Mombasa, ni mahali pa aina hiyo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza madini ya risasi katikati ya makazi, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kuiita ardhi ya Owino Uhuru "shukiwa" kungekuwa kuwadhulumu watu wale mara ya pili.

Reli iliyoachwa, inayotazamiwa kugeuzwa njia ya miguu na baiskeli, inaonyesha vizuri kwa nini tunahitaji maneno yote mawili. Mataruma ya mbao yalichovywa katika kriosoti, mafuta meusi yanayotokana na lami ya makaa ya mawe, ili yasioze wala kuliwa na mchwa. Jua likiwa kali, taruma kuukuu hutoka jasho jeusi linalonata, na harufu yake hukaa mikononi hata baada ya sabuni. Kwa miongo mingi magugu ya kando ya reli yalinyunyiziwa dawa zenye aseniki. Aseniki ni elementi, haiozi, kwa hiyo iliyomwagwa enzi za babu zetu inaweza kuwa bado ipo ileile sentimita chache chini ya nyasi. Majivu ya vichwa vya treni vya mvuke yalitumika kujazia matuta. Karakana zilimwaga dizeli na grisi. Lakini hapohapo, kwenye reli hiyohiyo, kunaweza kuwa na kilomita kumi za mashamba ambako udongo wa tuta haupishani sana na wa jirani. Ushoroba wa reli ni mwembamba mno na mrefu mno, hauchafuki sawasawa.

Ndiyo maana uchunguzi huenda kwa awamu, na hapa kuna mtego mwingine wa istilahi. Kenya na Tanzania tumeizoea "tathmini ya athari kwa mazingira", ile inayofanywa kabla ya mradi kuanza. Tathmini hiyo hutazama mbele: barabara hii ikijengwa, itadhuru nini? Uchunguzi wa ardhi shukiwa hutazama nyuma, kuuliza ni nini kilichokwisha kufanyika hapa, na nani aliyekifanya. Tukiziita zote mbili "tathmini ya mazingira", mtu anaweza kuwa na ripoti nzuri kuhusu madaraja na miti, akadhani amekwisha kuuchunguza udongo.

Awamu ya kwanza ningeiita "uchunguzi wa historia ya ardhi". Wengi hushangaa kusikia kwamba kwa kawaida hakuna udongo unaopimwa katika awamu hii. Mtaalamu hufukua nyaraka: picha za angani za zamani, hati za umiliki, ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, ambazo zilichora miji ya Marekani jengo kwa jengo na kuonyesha tangi la mafuta lilisimama wapi. Huwahoji wafanyakazi wastaafu. Kisha hutembea. Anatafuta vipande ambavyo nyasi zimekataa kuota, kokoto zilizojaa weusi pale vichwa vya treni vilipokuwa vikisimama, rundo la mataruma lililosahauliwa, msingi wa ghala ambalo halimo kwenye ramani yoyote ya leo. Mwisho wake ni orodha ya mahali pa kutilia shaka, pamoja na sababu za shaka hiyo.

Orodha hiyo ina uzito wa kisheria. Chini ya sheria ya shirikisho la Marekani ya mwaka 1980, mnunuzi anaweza kudaiwa gharama za kusafisha sumu ambayo hakuimwaga yeye. Mojawapo ya kinga zake ni kuthibitisha kwamba aliichunguza ardhi ipasavyo kabla ya kununua, na sehemu muhimu za uchunguzi huo zikipitisha siku 180 kabla ya ununuzi sharti zifanywe upya. Halmashauri inayopokea reli iliyoachwa kama zawadi nayo inahitaji kujilinda vivyo hivyo.

Awamu ya pili ni "upimaji wa udongo na maji", na jina hilo halina tatizo. Hapa ndipo shaka huthibitishwa au huondolewa. Hata hivyo, namba zinazotoka maabara hazisemi zenyewe. Kwa miaka mingi kiwango cha tahadhari cha risasi katika udongo wa makazi Marekani kilikuwa miligramu 400 kwa kilo. Mwaka 2024 kikashushwa hadi 200. Udongo uliopita mtihani jana ukaufeli leo bila kubadilika hata chembe. Isitoshe, mtoto anayecheza uani kila siku hagusani na udongo kama mpanda baiskeli apitaye kwa dakika ishirini. Kwa hiyo matumizi yanayokusudiwa huamua kazi ya kusafisha.

Mfano ninaouona bora kuliko yote uko katika jimbo la Idaho, Marekani. Reli ya Union Pacific ilipita katika bonde la machimbo ya fedha, risasi na zinki, ikibeba makinikia, yaani mchanga wenye madini unaosubiri kuyeyushwa, neno ambalo Watanzania hatuhitaji tena kufafanuliwa tangu mzozo wa 2017 wa kuyasafirisha nje. Makinikia yalimwagika njiani, na mabaki ya machimbo yalitumika hata katika tuta lenyewe. Bonde hilo, lenye kiyeyushio cha Bunker Hill, liliingizwa mwaka 1983 katika orodha ya shirikisho ya maeneo yenye sumu mbaya zaidi. Huko shaka ilikuwa imekwisha zamani, uchafuzi ulithibitishwa.

Kuondoa udongo wote wa ushoroba wenye urefu wa zaidi ya kilomita 115 kungekuwa kazi kubwa kupita kiasi. Reli na mataruma viling'olewa, udongo ukaondolewa katika baadhi ya sehemu, na juu ya tuta ikamwagwa lami. Leo hiyo ni Trail of the Coeur d'Alenes, kutoka Mullan hadi Plummer, iliyofunguliwa rasmi 2004 na kusimamiwa na jimbo pamoja na kabila la Coeur d'Alene. Lami ile inayopendwa na wapanda baiskeli ndiyo kifuniko kinachotenganisha watu na risasi. Wapitaji huambiwa wasitoke njiani ovyo na wanawe mikono kabla ya kula.

Hatua hii nayo inataka jina lake, na hapa siafiki kabisa kuiita "kusafisha". Risasi bado ipo. Ningeandika "kufunika na kudhibiti", ili atakayesoma mkataba kwa Kiswahili ajue kwamba ufa katika lami si kasoro ya barabara tu, na kwamba bajeti ya kuukarabati haina mwaka wa mwisho.