Chumvi Nyekundu ya Playfair: Historia ya Dawa Yenye Sumu Ndani Yake

Miongoni mwa dawa zinazotiwa katika mshipa wa mgonjwa hospitalini wakati shinikizo la damu linapopanda ghafula hata likahatarisha ubongo, moyo, figo na macho, iko moja ambayo historia yake yastahili kusimuliwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna sumu ya kweli, na kwa kuwa kanuni anazozifuata leo muuguzi anapoitayarisha zilipatikana kwa taabu, na baadhi yake kwa mauti ya watu. Dawa hiyo ni nitroprusaidi ya sodiamu.

Asili yake ni London, mwaka 1849, pale mkemia Lyon Playfair, Mwingereza aliyezaliwa Bara Hindi na kusomeshwa kemia huko Giessen, Ujerumani, na mwalimu mashuhuri Justus von Liebig, alipochapisha katika jarida la Royal Society habari za jamii mpya ya chumvi, alizozipata kwa kuitia asidi ya naitriki katika chumvi ya chuma yenye sianidi. Chumvi ya sodiamu ilitokea kuwa fuwele nyekundu, rangi ya yakuti. Playfair hakuwa akitafuta dawa, na sianidi aliijua zaidi kwa ukali wake, kwani miaka michache baadaye, wakati wa vita vya Crimea, alishauri kwamba makombora yenye sianidi yarushwe juu ya meli za Warusi, shauri ambalo wakuu wa jeshi la Uingereza walilikataa wakisema kuwa ni sawa na kutia sumu katika visima vya adui. Alifariki mwaka 1898, na hadi siku hiyo chumvi yake ilikuwa chombo cha maabara tu, cha kutambulisha salfaidi na kupimia asetoni katika mkojo wa wagonjwa wa kisukari.

Mwaka 1929 mtaalamu C. C. Johnson alichapisha uchunguzi wake juu ya athari na sumu ya nitroprusaidi, akabainisha kwamba chumvi hiyo ikiingia katika damu hulishusha shinikizo kwa haraka, na kwamba kushuka huko hakusababishwi na sianidi iliyomo. Elimu ilikuwapo basi, ila haikuwafikia wagonjwa, ilhali katika zama hizo shinikizo lililofikia daraja ya mwisho lilikuwa hukumu ya kifo: matabibu wa Mayo Clinic walioandika mwaka 1939 walikuta kwamba katika wagonjwa wa daraja hiyo ya mwisho, yaani ya nne, aliyesalia hai baada ya mwaka mmoja ni kadiri ya mmoja katika watano. Cheo wala mali havikumfaa mtu. Tarehe 12 Aprili 1945, Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, alifariki kwa damu kuvuja katika ubongo, shinikizo lake likiwa limepimwa likaonekana kupita 300 kwa 190, na daktari wake wa moyo, aliyekuwa karibu naye saa ile, hakuwa na dawa ya kumwokoa.

Aliyeitoa chumvi ile maabara na kuipeleka kwa wagonjwa ni Irvine Page wa Cleveland Clinic, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha tangaa kwa kushiriki katika uvumbuzi wa angiotensini na serotonini, kemikali mbili za mwilini. Mwaka 1955 yeye na wenziwe walichapisha matokeo ya kuitumia nitroprusaidi kwa wanyama na kwa watu. Shinikizo lilianza kushuka mara dripu ilipoingia, likatulia pale daktari alipolitaka maadamu dawa yaendelea kuingia, na likarudi juu katika dakika chache dripu ilipofungwa. Dawa chache mno za wakati ule zilitii mkono wa tabibu kiasi hicho.

Siri ya utii huo ilikuja kufahamika baadaye. Katikati ya molekuli ya nitroprusaidi mna chembe moja ya chuma, nayo imezungukwa na sianidi 5 na oksidi ya naitriki 1. Mwaka 1977 Ferid Murad alionyesha kwamba dawa za jamii hii hutenda kazi kwa kutoa oksidi ya naitriki, hewa ambayo hulegeza misuli ya kuta za mishipa hata mishipa ikapanuka. Na mwaka 1998 yeye, Robert Furchgott na Louis Ignarro walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa elimu waliyoifungua juu ya kazi ya hewa hiyo mwilini.

Lakini molekuli ikivunjika kutoa hewa hiyo yenye manufaa, sianidi 5 nazo huachiliwa, na kazi ya sianidi ni kuzizuia seli zisitumie oksijeni hata kama damu imejaa oksijeni tele. Kinga ya mwili imo hasa katika ini, ambamo kimeng'enya maalumu huiunganisha sianidi na salfa, ikageuka thiosianeti yenye madhara machache, kisha figo zikaitoa kwa mkojo. Nasi wa Afrika Mashariki tunaifahamu njia hii kwa msiba wetu wenyewe, kwa kuwa ndiyo mwili unayoitumia kujihami na sianidi ya muhogo mchungu. Na huko Tarime, Tanzania, mwaka 1985, watu waliokula muhogo usioondolewa sumu sawasawa, na ambao chakula chao kilipungukiwa na protini yenye salfa, walipatwa na konzo, maradhi ya kupooza miguu kwa ghafula. Salfa ya mwili ina kikomo. Kwa sababu hiyo mgonjwa aliyedhoofishwa na utapiamlo, au mwenye ini bovu, hawezi kustahimili dawa hii kama mwenziwe mwenye siha, na yule ambaye figo zake hazifanyi kazi hulimbikiza thiosianeti siku hata siku.

Hesabu hiyo ya sianidi na salfa haikushikwa barabara hapo awali. Mwaka 1974 dawa iliidhinishwa rasmi Marekani, na katika miaka hiyo hiyo madaktari wa usingizi, waliokuwa wakiitumia kulishusha shinikizo kwa makusudi ili damu isimwagike kwa wingi katika upasuaji, waliandika habari za wagonjwa waliouawa na sianidi, baadhi yao wangali vijana, ambao walizidishiwa dawa kwa kuwa shinikizo lao lilikataa kushuka. Kukataa huko, ambako daktari alikuchukua kuwa sababu ya kuongeza kipimo, kulikuwa ni onyo la sumu. Mwaka 1991 serikali ya Marekani ililazimisha maonyo makali yaandikwe mbele ya maelezo ya dawa: kwamba yaweza kulitupa shinikizo chini kwa ghafula, na kwamba ikitumiwa kupita kiasi huua kwa sianidi.

Tuitazame basi inavyotayarishwa. Chupa ndogo ina miligramu 50, na yaliyomo hayadungwi kamwe moja kwa moja katika mshipa, bali huchanganywa kwanza katika mililita 250 hadi 1,000 za maji ya glukosi ya asilimia 5. Mchanganyiko ulio salama una rangi ya kahawia hafifu. Ukigeuka buluu, kijani au mwekundu, humwagwa. Kwa kuwa mwanga huiharibu, chupa ya dripu hufunikwa kwa karatasi ya aluminiamu au kwa kifuniko kisichopitisha nuru, na dawa huendeshwa kwa pampu. Huanzishwa kwa mikrogramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kwa dakika. Kupita mikrogramu 2, sianidi huzalishwa kwa kasi isiyowezwa na mwili. Na mikrogramu 10 ndio ukomo, usiovumiliwa zaidi ya dakika 10. Muda wote huo shinikizo hupimwa bila kukoma. Damu ya mgonjwa ikizidi kuwa na asidi, au kipimo kile kile kikiacha kufaa, dripu husimamishwa na dawa ya kukata sumu ya sianidi, mathalani thiosalfeti ya sodiamu, hutolewa pasipo kungoja majibu ya maabara.

Fauka ya hayo, haraka yenyewe ni hatari, kwani ubongo uliozoea shinikizo kubwa hukosa damu likiporomoshwa. Kwa hiyo kwa wagonjwa walio wengi wastani wa shinikizo haupunguzwi zaidi ya robo katika saa ya kwanza. Siku hizi dawa nyingine, labetaloli na nikadipini, zimeshika mahali pa nitroprusaidi katika hospitali nyingi, na kwa mama mjamzito hupendelewa hidralazini au labetaloli, kwa maana sianidi humfikia mtoto tumboni.

Hukumu ya historia hii ni kwamba usalama wa dawa hii haumo ndani ya chupa, bali umo katika elimu na uangalifu wa aishikaye. Hospitali isiyo na pampu, wala mashine ya kupimia shinikizo kila dakika, wala muuguzi wa kukaa kando ya kitanda, na ichague dawa nyingine. Jamaa wa mgonjwa nao wasiifunue chupa iliyofunikwa wala kuigusa pampu, bali wamwite muuguzi mara waonapo mgonjwa anachanganyikiwa au anahema isivyo kawaida. Na wewe msomaji, ambaye pengine hujapimwa presha tangu mwaka jana, nenda ukapimwe, na kama umepewa vidonge, vimeze kila siku kama ulivyoagizwa, kwa maana wengi wanaofikishwa kwenye dripu hii ni watu ambao shinikizo lao lingeweza kutibiwa nyumbani.