Mnara wa Fischer: Mwamba mfupi wa Hell's Gate usiocheza na mtu

Ukiingia Hell's Gate na baiskeli kupitia Elsa Gate, hukai sana kabla ya kuona mwamba umesimama pekee yake kama kidole. Huo ndio Mnara wa Fischer. Urefu ni kama mita 25 tu, lakini ukisimama chini yake, shingo inauma.

Jina ni la Gustav Fischer, mpelelezi Mjerumani aliyepita hapa 1883. Wamaasai wana stori yao, na ni kali kuliko ya Fischer: huyo ni msichana aliyekuwa akipelekwa kwa mumewe, akakatazwa kugeuka nyuma, akageuka. Akawa jiwe palepale.

Zile video za wasee wakipanda Dolomites kule Italia ni mawe ya jamii ya chokaa. Hapa Naivasha kila kitu ni volkano. Lava iliganda ndani ya koo la volkano, mawe laini ya pembeni yakaliwa na mvua na upepo, kiini kigumu kikabaki kimesimama. Pimbi wanaishi hapo na wanapanda bila kamba, lakini wewe si pimbi.

Nyufa za mwamba ndizo ngazi yako. Unaingiza vidole, unabana ngumi, unatafuta pa kukanyaga. Wabeba vyuma wa gym ndio hushangaa zaidi, juu wanajivuta na mikono hadi zinakufa ganzi katikati. Kazi ni ya miguu.

Kuna maguide hapo chini wenye kamba, mishipi na kofia. Sikilizana bei mapema, kisha pitisha kamba yote mkononi kabla ya kufungwa. Ukihisi imechanika ama kuna mahali imekuwa laini kama imeoza, sepa. Mita 25 ni kama gorofa ya nane. Na yule anayeshika kamba yako chini asiwe anapiga selfie.

Mvua ikinyesha, wacha kabisa: jiwe linateleza. Hiyo hiyo kwa bonde la Ol Njorowa, hapo ndani zaidi. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba humo. Jua linaweza kuwa linakuchoma kichwani, na maji yanakuja kutoka mvua iliyonyesha mbali. Uliza askari wa KWS getini kama bonde liko wazi. Akikataa, usitafute njia ya panya.