Mpango wa kwanza haukutosha: Ebola ya Beni na Butembo, 2018-2020

Ku masomo ya usimamizi wa miradi tunafundishwa njia mbili. Njia ya zamani: unapanga kila kitu mbele ya kuanza, kisha unafuata hatua moja moja mpaka mwisho. Ya pili inaitwa ajaili. Wataalamu 17 wa kompyuta ndio waliipa jina hilo mwaka 2001, kule Utah, Marekani: fanya kidogo, angalia, sikiliza, rekebisha. Sisi wa Beni, Butembo na Lubero tuliziona zote mbili, na haikuwa mambo ya kompyuta.

Tarehe 1/8/2018 Ebola ilitangazwa huku Mangina. Tarehe 8 chanjo ikaanza. Mpango ulikuwa wazi: pata mgonjwa, andika waliokutana naye, chanja hao pamoja na waliokutana na hao. Chanjo ilitaka baridi kati ya -60 na -80. Hapo hakuna kubahatisha, firigo inapangwa mapema.

Lakini karatasi haikujua watu. Kuko familia zilizoficha wagonjwa, kuko waliokimbia ekipe. Desemba uchaguzi ukaahirishwa kwetu, sababu moja ikiwa Ebola, hasira ikazidi. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikashambuliwa.

Ndipo riposti ikaanza kubadilika. Mei 2019 wataalamu wa OMS walishauri kipimo cha chanjo kipunguzwe ili itoshe watu wengi, tena itolewe mahali ekipe inaweza kufika salama na kuondoka haraka. Mwaka huohuo wajawazito na wanaonyonyesha, waliokatazwa mwanzoni, wakaruhusiwa.

Kwa dawa pia, jaribio lilianza Novemba 2018, na likalinganisha dawa 4. Agosti 2019 mbili zilionekana kuokoa zaidi, zingine zikaachwa mara moja. Angalieni vizuri: kukagua matokeo njiani kulikuwa kumeandikwa katika mpango tangu mwanzo.

Ebola ilitangazwa kuisha tarehe 25/6/2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Kusikiliza kulikuja, lakini kulichelewa.

Basi tusibishane njia gani ni bora. Kisichosamehe kosa, kama baridi ya chanjo, kipange mpaka mwisho. Kinachotegemea imani ya watu, kiachie nafasi ya kubadilika, na nafasi hiyo uiandike. Mradi unaotayarisha saa hii, ni ukurasa gani unasema mtafanya nini wananchi wakikataa?