New Zealand: Handaki la Waterview na msongamano wa magari Auckland

Auckland, mji mkubwa kuliko yote nchini New Zealand, umejengwa juu ya shingo nyembamba ya ardhi kati ya bandari mbili za asili, Waitematā na Manukau. Kwa miongo mingi, aliyetaka kuuvuka kwa gari kutoka kusini hadi kaskazini alitegemea barabara kuu namba 1, inayopita kando ya katikati ya mji na kuendelea juu ya daraja la bandari lililofunguliwa mwaka 1959. Ajali moja tu hapo ilitosha kuuzuia mji mzima.

Dawa iliyopendekezwa ilikuwa barabara ya mzunguko wa magharibi, yenye urefu wa kilomita 48. Kiungo chake cha mwisho, kati ya barabara kuu namba 20 na namba 16, ndicho kilicholeta mvutano, kwa kuwa kilipita katika makazi ya Owairaka na Waterview. Mwaka 2009 serikali mpya ililiacha pendekezo la kuchimba handaki sehemu yote, kwa hoja kwamba gharama yake ingezidi dola bilioni 2 za New Zealand. Ukachaguliwa mchanganyiko: sehemu juu ya ardhi, sehemu chini. Kilichookolewa katika hazina kililipwa kwa namna nyingine na wakazi, ambao baadhi yao walipoteza nyumba na maeneo ya wazi kando ya kijito cha Te Auaunga. Bodi ya uchunguzi iliidhinisha mradi mwaka 2011, kwa masharti.

Kazi ya kuchimba ilianza mwishoni mwa mwaka 2013. Mashine iliyotumika, iliyopewa jina la Alice, ilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 14, takriban kimo cha jengo la ghorofa nne. Ilikata udongo na miamba kwa uso wake unaozunguka, huku nyuma yake ikipanga vipande vya zege kuwa pete za kuta. Zaidi ya vipande 24,000 vilitumika. Ilipotokeza Waterview mwaka 2014 iligeuzwa nyuzi 180, kazi iliyochukua miezi, kisha ikachimba njia ya pili kurudi ilikotoka, na kumaliza Oktoba 2015.

Handaki lilifunguliwa kwa magari Julai 2017, baada ya kucheleweshwa na majaribio ya mifumo ya usalama, ukiwamo ule wa kunyunyiza maji moto unapozuka. Ucheleweshaji huo ulilalamikiwa, ingawa moto ndani ya handaki si jambo la kubahatisha. Mradi uligharimu takriban dola bilioni 1.4, na kila njia, yenye urefu wa kilomita 2.4, ina safu tatu za magari.

Wasafiri wa magharibi wanaokwenda uwanja wa ndege walipata njia isiyowalazimu kupita katikati ya mji. Hata hivyo, barabara mpya huvuta magari mapya, na foleni huhamia kwenye makutano yanayofuata. Ndiyo maana uchimbaji mkubwa uliofuata Auckland haukuwa wa magari: ni wa reli ya City Rail Link, yenye urefu wa kilomita 3.45, inayopita chini ya katikati ya mji.