Kuchagua shahada ukubwani: Mlango wa kazi kwanza, jina la chuo baadaye

Mfanyakazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayeamua kusomea shahada akiwa na umri wa miaka 35 au 45 hafanyi uamuzi ulio sawa na ule wa kijana aliyetoka shule ya upili mwaka jana. Kijana ana muda wa kukosea na kuanza upya. Mtu mzima ana kodi ya nyumba, karo ya watoto wake mwenyewe, zamu za usiku, na pengine deni la chama ambalo bado halijalipwa. Miaka minne au sita atakayoitoa haitarudi. Akigundua mwishoni kwamba cheti alichopata hakifungui mlango aliokuwa akiulenga, hasara hiyo ataibeba pamoja na jamaa zake wote.

Hata hivyo, wengi huanza na swali ambalo lingefaa kuwa la mwisho. Huuliza ni chuo gani chenye jina, au mwenzao kazini anasomea nini, kabla ya kuuliza ni nani atakayekitambua cheti hicho na kwa kazi ipi.

Kwamba watu wazima wengi wa Pwani hawana shahada si dalili ya uvivu. Hadi mwaka wa 2007, eneo zima la Pwani halikuwa na chuo kikuu cha umma chenye makao yake makuu huko. Taasisi iliyoko Tudor, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM), ilianza kufundisha mwaka wa 1951 kama taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojulikana kwa kifupi kama MIOME. Iligeuzwa kuwa taasisi ya kiufundi mwaka wa 1966, na mwaka wa 1972 ikawa Mombasa Polytechnic. Kwa miongo mingi iliwatoa mafundi na makarani wa bandari, reli na viwanda, ila si wenye shahada. Ni Agosti 2007 ilipopandishwa hadhi na kuwa chuo kikuu kishiriki, wakati ule ule kilipoanzishwa kile cha Pwani mjini Kilifi. Vyote viwili vilipewa hati ya kujitegemea mwaka wa 2013.

Kabla ya hapo, aliyetaka shahada aliihama nyumba yake au alisoma kwa mbali. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada ya ualimu kwa njia ya masomo ya mbali mwaka wa 1986. Mnamo 1998 kikafungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia, vyuo vingine vya umma vikaiga, na mabewa yakachipuka katika orofa za majengo ya kibiashara kisiwani Mombasa. Masomo ya jioni yalikuwa neema kwa mfanyakazi. Lakini neema hiyo ilipungua baada ya mtihani wa KCSE wa 2016, ambapo watahiniwa 88,929 pekee walipata gredi ya C+ au zaidi na karibu wote wakapewa nafasi chini ya ufadhili wa serikali. Vyuo vilipoteza wateja wa kujilipia, na baadhi ya mabewa yakafungwa nchini. Kwa hiyo mtu anayekusudia kusoma kwa miaka mitano ana haki ya kuuliza, bila haya, kama bewa analojiunga nalo lina wanafunzi wa kutosha katika kozi yake na kama masomo ya miaka ya mwisho hufundishwa papo hapo Mombasa au huhamishiwa kwingine.

Jambo linalowashtua wengi ni kwamba matokeo ya kidato cha nne humfuata mtu hadi uzeeni. Kiwango cha kawaida cha kujiunga na shahada nchini Kenya ni C+ katika KCSE, mtihani uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1989. Waliosoma chini ya mfumo wa awali hutumia alama zao za kidato cha sita. Aliyepungukiwa hajafungiwa kabisa: ngazi ipo, japo ni ndefu. Mwenye C- anaweza kuanzia stashahada, mwenye D akaanzia cheti cha ufundi, na hata mwenye E akaanza na kozi za msingi kabisa katika taasisi za kiufundi, kisha kila mmoja akapanda. Wakazi wa upande wa Kisauni wana taasisi ya kitaifa ya kiufundi ya Pwani (KCNP) kwa hatua kama hizo, bila haja ya kuvuka hadi kisiwani.

Ngazi hiyo hukubalika kwa kuingia chuoni. Tatizo ni kwamba chuo si mlango wa mwisho, na hapa ndipo watu wazima hupoteza fedha nyingi zaidi. Mfano ulio wazi ni sheria. Sheria ya mwaka 2012 inayosimamia Chuo cha Mafunzo ya Uanasheria cha Kenya, ambacho kila anayetaka kuwa wakili hana budi kukipitia, inataja gredi ya wastani ya C+ katika KCSE na B katika Kiingereza au Kiswahili. Kama aliyepanda kwa ngazi ya stashahada anaweza kukubaliwa bila gredi hizo ni suala ambalo limefikishwa mahakamani mara kadhaa. Karani wa mahakama mwenye C ya mwaka wa 1998 anaweza kusomea shahada ya sheria miaka minne, akafuzu vyema, kisha akasimamishwa kizingitini. Akitaka shahada hiyo kwa kazi nyingine, kwa mfano usimamizi wa wafanyakazi au siasa, hilo ni shauri jingine.

Ualimu una kizingiti chake. Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) humtaka mwalimu wa shule ya upili awe na C+ katika KCSE na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Mwalimu wa shule ya msingi aliyepitia chuo cha Shanzu, tuseme, na ambaye hana C+ ya hisabati, hapati chochote kwa kuchagua shahada yenye hisabati kwa sababu tu nafasi zake ni nyingi. Isitoshe, siku za mwalimu kupandishwa daraja mara tu anapowasilisha shahada zimepita; kupanda hutegemea nafasi zinazotangazwa na mahojiano. Wapo walimu waliokopa kwenye sakosi wakitumai kwamba nyongeza ya mshahara ingelilipa deni hilo, na hesabu ikakataa.

Katika viwanda vya Changamwe, fundi wa umeme au mitambo mwenye stashahada huvutiwa na neno uhandisi. Inafaa ajue kwamba kuna njia mbili. Shahada ya uhandisi iliyoidhinishwa na Bodi ya Wahandisi (EBK) ndiyo inayomwezesha mtu kusajiliwa kuwa mhandisi. Shahada ya teknolojia ya uhandisi humpeleka kwenye bodi nyingine, KETRB, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016, ambayo huwasajili wanateknolojia na mafundi. Njia ya pili si ya aibu, na kwa mtu aliyekwisha kushika spana miaka kumi na mitano huenda ndiyo inayomfaa zaidi. Aibu ni kuzigundua tofauti hizo siku ya kuomba usajili.

Kisha kuna kazi ambazo shahada si dawa yake. Karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini anahitaji kwanza cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na uwakala wa mizigo, ambacho hufundishwa katika taasisi ya mapato, KESRA. Mhasibu mdogo wa hifadhi ya makontena aweza kufika mbali zaidi kwa mitihani ya CPA ya KASNEB kuliko kwa shahada ya jumla ya biashara, na kwa gharama ndogo. Anayetaka kazi ya baharini huulizwa vyeti vya kimataifa vya ubaharia vinavyoitwa STCW. Shahada yaweza kuja juu ya vyeti hivi; haichukui nafasi yavyo.

Historia ya karibuni ya upande wa Changamwe yatoa sababu nyingine ya kutochagua kozi inayomfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka wa 1963 kiliacha kusafisha mafuta ghafi mnamo 2013. Mwaka wa 2019, agizo la kusafirisha makontena ya bara kwa reli ya SGR hadi Nairobi lilitikisa biashara za malori, za uwakala na za hifadhi ya mizigo, na wakazi wakaandamana barabarani. Septemba 2022, Rais William Ruto alirejesha shughuli hizo Mombasa. Katika miaka hiyo, aliyejua uhasibu, ununuzi au takwimu aliweza kubisha hodi katika hospitali, kaunti au hoteli. Aliyejua fomu za ofisi moja tu hakuwa na pa kwenda.

Gharama nayo huhesabiwa visivyo. Karo ya muhula ndiyo inayotangazwa, lakini kuna usajili, mitihani, nauli ya kila jioni, kompyuta, na ada ya mahafali. Anayetembea kwa miguu havukii kwa pesa katika feri ya Likoni. Hata hivyo, matatu ya kumfikisha kivukoni na ya kumtoa upande wa pili hulipwa, mara mbili kwa siku. Mhadhara ukimalizika saa mbili usiku, mwanamke anayeishi ndani ya Likoni huwa anapima pia usalama wa njia, si nauli peke yake. Hakuna kijitabu cha chuo kinacholitaja jambo hilo, na ni miongoni mwa mambo yanayowafanya wanafunzi waache masomo katikati.

Gharama iliyofichika zaidi ni ya mazoezi. Ualimu hudai muhula wa kufundisha shuleni, uuguzi hudai zamu za wodini, uhandisi hudai miezi ya viwandani. Kazi hizo hazifanyiki jioni. Asiye na hakika kwamba mwajiri wake atampa likizo, hata isiyo na malipo, amefika mahali pa kuchagua kati ya kozi na ajira, na ni afadhali achague kabla ya kulipa karo ya kwanza.

Masomo ya mtandaoni yamepunguza baadhi ya vikwazo hivyo. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao Konza, kilipewa hati Agosti 2023, miongo mitatu baada ya kile cha Tanzania kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Majirani walitangulia katika jambo jingine pia: Azimio la Musoma la 1974 lilidai vijana wa Tanzania wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu, na nchini Uganda mtu wa miaka 25 na zaidi anaweza kufanya mtihani maalumu wa kuingilia. Wakenya huvutiwa na njia hiyo. Kabla ya kuifuata, wanapaswa kujua kwamba shahada ya nje hutakiwa kutambuliwa nchini, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ndiyo ya kuulizwa mapema.

Tume hiyo hiyo huorodhesha vyuo na kozi zilizoidhinishwa. Kuangalia orodha ni kazi ya dakika chache, na uzito wake umeongezeka tangu Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilipotangaza kwamba ukaguzi ulifichua vyeti ghushi 2,067. Waajiri sasa huviandikia vyuo barua kuthibitisha.

Mwenye stashahada aulize pia ni masomo mangapi atakayosamehewa. Vyuo huweza kumhesabia sehemu ya aliyokwisha kusoma, ila haizidi nusu ya kozi, na kila kitivo kina hesabu yake. Ahadi ya mdomo kutoka kwa afisa wa kusajili wanafunzi haitoshi. Barua ya kujiunga yafaa itaje jina kamili la shahada, bewa, utaratibu wa masomo na idadi ya masomo yaliyosamehewa. Kama halimo hata moja kati ya hayo, barua irudishwe iandikwe upya kabla ya fedha kupelekwa benki.